Chai Isiyo na Kikombe

"Mjomba, hiyo chai."

Mpwa wangu aliniambia hivyo mwezi uliopita, nilipomaliza kumsimulia jinsi mgogoro wa mpaka wa shamba la bibi yetu ulivyomalizwa kule Lushoto. Wakati huo nilikuwa mtoto, nikilelewa kwa bibi mzaa mama. Jirani alikuwa amesogeza mpaka hatua kadhaa, kama wafanyavyo baadhi ya majirani mwenye shamba anapobaki mjane. Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji akaja na wazee wawili. Wakalizunguka shamba lote kwa miguu, wakatafuta mimea ya mpaka, yaani masale ya zamani, wakakuta yameng'olewa, wakaulizana, wakabishana, wakaamua mpaka upite wapi, na hawakuondoka mpaka masale mapya yalipopandwa. Ndipo bibi akaipua sufuria ya chai ya mchaichai, akaleta na magimbi ya kuchemsha. Wakanywa wote: mwenyekiti, wazee, bibi mwenyewe, na yule jirani aliyeshindwa. Hakuna senti iliyotoka mkono huu kwenda mkono ule.

Kijana akatabasamu, akasema hiyo chai. Kwa vijana wa rika lake, chai ni uongo, hadithi iliyokolezwa sukari ili msikilizaji aimeze. Hakukusudia kunivunjia heshima. Haikumwingia tu akilini kwamba kiongozi, hata wa kijiji, anaweza kuamka asubuhi, akahangaika na shida ya mjane mpaka jua la mchana, kisha akarudi kwake na kikombe kimoja cha mchaichai tumboni, basi.

Tangu siku ile neno hilo halijanitoka kichwani. Nililikuta likiwa na maana ya ukarimu. Nilipoanza kukanyaga ofisi za watu nikalisikia likiwa na maana ya rushwa. Sasa nalisikia kwa watoto wetu likiwa na maana ya uongo. Naamini maana hizo zimezaana, ya pili ikaizaa ya tatu, na naamini tuna kila sababu ya kulidai neno letu.

Kwanza tuone ni kitu gani kilichoibwa. Kunywa ni kitenzi kifupi, kinakaa kundi moja na kula, kuja na kufa, vitenzi ambavyo ukiviondolea ku- vinabaki na silabi moja tu. Humo ndimo tulimopata neno kinywa. Ni wachache wanaolikumbuka hilo wanapokwenda kumwona daktari wa kinywa na meno. Kiungo tunachokitumia kula, kusema, kuimba na kuomba dua, wazee waliounda lugha walikiita kwa kazi yake ya kunywa. Wala si Waswahili peke yao. Wakikuyu wana kunyua na kanua, Wanyarwanda wana kunywa na akanwa. Jambo hili ni la kale kuliko majahazi na kuliko misikiti ya pwani. Wanyarwanda hunywa hata tumbaku, na Kiswahili cha Kongo na Burundi nacho kinakubali kwamba mtu hunywa sigara, pale ambapo sisi wa Dar es Salaam tunaivuta.

Mlo wa kwanza wa siku tunauita kifungua kinywa, au chamshakinywa, na nyumbani tunauita chai tu. "Umekunywa chai?" ni swali linalohusu maandazi, mihogo, viazi vitamu, chapati na hata kiporo cha wali wa jana. Mtu hujibu "nimekunywa" ilhali alichopata ni uji na muhogo, na jani la chai halijaingia nyumba hiyo wiki nzima. Hata shilingi yetu, tunapotaka kuitofautisha na fedha za kigeni, tunaiita pesa ya madafu.

Chai yenyewe ni mgeni kwetu. Neno lilianzia Uchina, likapita Uajemi na India, likatufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Zao lilikuja baadaye: Limuru nchini Kenya mwaka 1903, na miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa wakilijaribu katika kituo chao cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Bibi aliishi katika milima hiyo, na bado chai aliyotupikia siku nyingi ilikuwa ya majani yaliyoota nyuma ya jiko lake. Tuliiita chai bila wasiwasi wowote. Mmea wenyewe, mchaichai, umepewa jina kutokana na kinywaji ambacho bibi hakuwa na fedha ya kukinunua kila siku. Kwetu chai ilikuwa tendo: kuna moto, kuna maji yanayochemka, na kuna mtu unayemtengea kikombe.

Hapo ndipo kinywaji kinapotofautiana na chakula. Chakula hupikwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Kinywaji kipo kwa ajili ya yule ambaye hukumtarajia. Mgeni akipiga hodi saa tisa alasiri, ugali wa mchana umekwisha na wa jioni haujafikiriwa, lakini hakuna nyumba isiyoweza kumpa maji. Mgeni akitaka kuondoka haraka, mwenyeji humshika mkono: "Hata maji?" Neno hata hapo limebeba mambo mengi. Mwenyeji anakiri kwamba anachotoa ni kidogo, na papo hapo anasema kwamba chini ya hapo undugu hauwezi kushuka. Ndiyo maana kunyimwa maji hukumbukwa miaka. Katika mitaa yetu mtoto hutumwa mbio dukani na chupa tupu mkononi akalete soda ya mgeni, na watoto wa nyumba hukaa kando wakitumaini atabakisha. Kule Bukoba kahawa ya kumkaribishia mgeni hainywewi. Punje zake huchemshwa pamoja na majani ya dawa, zikakaushwa, na mgeni hupewa azitafune. Kazi yake ni ile ile ya kikombe.

Na kuna kahawa ya vijiweni. Muuzaji huja na birika lake juu ya jiko la mkaa, anagonganisha vikombe ili mtaa ujue amefika, na watu wanakusanyika. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, na benchi ni moja. Mahali kama Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, habari za siasa zimechambuliwa kwa miaka mingi juu ya vikombe vidogo visivyojaza kiganja. Nimekaa kwenye vijiwe vya namna hiyo Kariakoo, nikamsikia mpagazi akimsahihisha mwalimu mstaafu, na mwalimu akakubali. Sijui mahali pengine mjini ambapo jambo hilo hutokea kwa urahisi hivyo.

Pombe nayo, licha ya madhara yake ambayo kila ukoo unayajua, ina adabu zake za kale zinazofundisha. Katika jamii nyingi za kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu, kisha ndipo kibuyu kinazunguka. Uchagani mbege, ile ya ndizi, ulezi na magome ya msesewe, huwapo kwenye mazungumzo ya mahari na kwenye kusuluhisha ugomvi, na hunywewa hapo hapo mbele za watu. Burundi wenye kesi walikuwa wakipeleka pombe kwa Bashingantahe, wazee waamuzi. Msomaji wa leo anaweza kuruka na kusema: si hiyo hiyo rushwa? Nimelitafakari swali hilo, na naona tofauti kubwa. Pombe ile ilijulikana na pande zote mbili. Iliwekwa katikati. Aliyeileta naye alipiga funda. Mtungi haukuweza kufichwa chini ya faili.

Neno hongo lina historia inayofanana na hiyo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kuvuka Ugogo, nchi kame ambako maji yalipatikana kwenye visima na mabwawa machache. Watemi wa Kigogo walitoza hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Stanley wakiwamo, waliilalamikia sana, na mara nyingine majadiliano yake yalichukua siku kadhaa msafara ukiwa umesimama. Lakini ulikuwa ushuru, uliotozwa hadharani na mwenye nchi, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilitokana na yale maji. Mtu na punda wake walikunywa, wakapita. Leo hongo ni fedha ya kificho anayopewa mtu ili atoe kilicho haki yako au kisicho haki yako. Utawala wa mtemi uliondoka, uwanja wa majadiliano ukaondoka, neno likabaki na nusu yake mbaya.

Sasa njoo kwenye dirisha la ofisi. Kitenzi cha rushwa ni kula, hilo tunalijua: amekula rushwa, wamekula hongo, wanakula mlungula. Lakini angalia vizuri, hicho ndicho kitenzi cha anayelaumu, na mara nyingi kinamhusu mtu asiyekuwapo. Anayeomba, akiwa mbele yako, hutumia kinywaji. "Mzee, ya chai." "Tuachie hela ya soda." "Jua kali hili, hata maji?" Kenya husema kitu kidogo, na chai vilevile. Anayekula anajulikana kuwa mlafi. Anayekunywa ana kiu tu, na kiu haina lawama, kila mwenye roho anaijua.

Ujanja wake mkubwa umo ndani ya ile hata tuliyoiona mlangoni kwa mwenyeji. Katika ofisi ya umma mgeni ni wewe. Umetoka mbali, umesimama kwenye foleni, umebeba bahasha yenye vyeti vya ukoo mzima. Kwa mila zetu wewe ndiwe unayestahili kupewa kiti na maji. Lugha ya chai inageuza nyumba nzima: mgeni anatakiwa amkaribishe mwenyeji, tena ndani ya nyumba ya mwenyeji. Usipotoa, mchoyo ni wewe. Nani anataka kuonekana amemnyima mwenzake chai? Tumelelewa tangu utotoni tusinyimane kinywaji, na malezi hayo mema ndiyo yanayotumika kutufunga mikono. Hapo mtu mzima, aliyeingia amesimama wima, unamwona ananywea. Kiswahili kina kitenzi hicho pia, kunywea, kusinyaa na kuishiwa nguvu, na sijaona neno linaloeleza vizuri zaidi mtu aliyeshika faili lake huku akipapasa mfuko wa shati.

Wengine duniani wamelipitia jambo hili. Mfaransa humpa mhudumu wa mgahawa pourboire, ya kunywea. Mjerumani huiita Trinkgeld, fedha ya kinywaji. Mrusi anasema na chai, kwa ajili ya chai. Hiyo ni bakshishi: unaitoa baada ya huduma, mezani, macho ya watu yakiona, na usipoitoa supu haikurudishwa jikoni. Lakini India watu husema chai-pani, chai na maji, wakimaanisha rushwa. Jirani zetu wa Msumbiji husema refresco, na Waangola gasosa, kinywaji baridi kwa wote wawili, na wote wawili wanamzungumzia askari barabarani. Inaonekana kila mahali kinywaji ndicho kipimo cha zawadi ndogo isiyo na ubaya, na kila mahali mwenye madaraka ameliona pazia hilo akajifunika. Bakshishi na rushwa zinakaa nyumba zinazopakana, na ukuta kati yao unasimama kwa vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: wakati, hadhara na hiari. Ukiombwa kabla ya huduma, kwa sauti ya chini, na faili lako likiwa mkononi mwa anayeomba, ukuta umekwisha kuanguka, hata kama fedha ni ya andazi moja.

Sisi Watanzania tuliwahi kwenda mbali zaidi ya pazia. Tuliliandika katika sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilibadilishwa, na kwenye kipengele kinachokataza kuwapa wapiga kura chakula na vinywaji ili kuwashawishi kikawekwa kifungu kinachosema kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila halihesabiwi kuwa kosa. Watu wakalipa jina: takrima. Ni neno zuri. Linatoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa karimu, ukarimu na karamu. Ndiyo maana lilinitisha tangu siku ya kwanza nilipolisikia redioni. Chaguzi mbili, wa 2000 na wa 2005, zilifanyika chini ya kifungu hicho. Mgombea aliyegawa soda, pilau, pombe, khanga na kofia aliweza kusema anafuata mila.

Mashirika matatu ya kutetea haki, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, yakaenda Mahakama Kuu kupinga. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja iliyonigusa zaidi katika uamuzi ule inahusu usawa: mgombea mwenye fedha anaweza kukirimu jimbo zima, mgombea maskini hawezi, na wapiga kura hawapati nafasi ya kuchagua kwa uhuru. Tena hakuna aliyeweza kuonyesha mstari unaotenganisha takrima na rushwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010.

Nadhani mahakama ilieleza kwa lugha ya Katiba jambo ambalo bibi yangu angeweza kulieleza kwa sufuria yake. Ukarimu wa kimila haujawahi kuwa wa kuelekea mbele tu. Mgeni anakunywa kwako leo kwa sababu kesho wewe ni mgeni kwake. Mgombea anayeshusha kreti za soda uwanjani hatarajii kunywa kwako kesho. Akishapata ubunge, wengi wenu hamtafika hata getini kwake. Kukirimiwa na mtu ambaye hutaweza kumkirimu ni kununuliwa, na walioandika kifungu kile walikuwa Waswahili kama sisi, walilijua hilo. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za uchaguzi zilichimbukia, ilikuwa imeshakataza kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura katika sheria yake ya 1883. Sisi tukakichukua kitendo hicho, tukakivalisha kanzu ya mila, tukakirudisha uwanjani.

Najua nitaambiwa kwamba maneno hayazuii rushwa. Ni kweli, na ushahidi tunao nyumbani. Mwanachama wa TANU aliahidi kwa maneno ya wazi kabisa: "Rushwa ni adui wa haki. Sitapokea wala kutoa rushwa." Hakuna chai pale, hakuna soda, hakuna kitu kidogo. Ahadi ilisomwa na mamilioni, na bado mwaka 1996 Rais Mkapa alilazimika kuunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza jinsi rushwa ilivyokuwa imeenea nchini. Ahadi haikuwaponya walioikariri.

Hata hivyo nina tukio moja la kueleza. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuatilia hati ya kiwanja cha marehemu mama katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mara ya tatu kwenda, karani, kijana mstaarabu aliyekuwa ameniamkia vizuri, akashusha sauti: "Mzee wangu, tangu asubuhi hatujanywa hata chai." Miaka ya nyuma niliwahi kutoa nilipoombwa hivyo. Nilitoa kwa urahisi unaonishangaza hadi leo, na jioni nililala bila kujiuliza kitu, kwa sababu katika akili yangu nilikuwa nimempa mtu chai. Safari hii nikamuuliza kwa utaratibu, "Unaomba rushwa?" Uso ukabadilika. Akasema, "Mzee, usinitukane." Alikuwa ameumia kweli, macho yake hayakuwa ya kuigiza. Faili langu likakaa wiki 5 zaidi, na nilikwenda mara 4 kabla halijatoka.

Sikuandika haya ili nisifiwe kwa subira. Nataka msomaji aone kilichomuudhi yule kijana. Kitendo kilikuwa kile kile, fedha ilikuwa ile ile, na sekunde moja kabla ya swali langu hakuwa na shida nacho. Neno ndilo lililomfanya ajione. Kwa miaka aliyofanya kazi pale, chai ilikuwa imemkinga asijione, kama ilivyonikinga mimi miaka ile niliyotoa. Kama neno lina nguvu ya kumkinga mtu na dhamiri yake mwenyewe, basi kulivua ni kazi yenye maana, ingawa haitoshi na ingawa inagharimu wiki 5.

Kuhusu mshahara mdogo sitasema mengi. Nimewahi kuishi kwa mshahara mdogo na sidharau uchungu wake. Lakini karani mwenye shida ana haki ya kudai kwa mwajiri wake; mjane aliyetembea kutoka kijijini hajamwajiri. Na tena, chai ya namna hii haimalizi kiu ya mtu. Wazee walisema mnywa maji kwa mkono mmoja, kiu yake i pale pale.

Kuna majina mengine ya kujificha ambayo siyaonei hasira kiasi hicho. Gongo, kwa mfano, imeitwa machozi ya simba, ikaitwa supu ya mawe. Kenya chang'aa ilikatazwa kwa sheria ya 1980 mpaka sheria mpya ya 2010 ilipoiruhusu kwa masharti, na katika miaka yote hiyo wanywaji na wapishi wake walikuwa na lugha yao. Kinywaji kile kimeua watu na kupofusha watu, siwezi kukitetea. Lakini jina la kupanga la gongo linamficha mama anayepika usiku ili alipe ada ya shule, anamkimbia mwenye nguvu. Jina la kupanga la rushwa linamficha mwenye nguvu mbele ya mama huyo huyo, na mara nyingine siku ile ile, maana polisi anayekuja kumkamata naye husema anataka chai.

Nirudi kwa mpwa wangu. Mwanzoni niliudhika kwamba vijana wamelishusha neno la bibi zao mpaka likawa uongo. Sasa naona wamekuwa wakweli kutuliko. Wamekua wakiwasikia watu wazima wakisema chai pasipo moto, pasipo maji, pasipo kikombe, na pasipo mtu yeyote aliyekunywa. Mtoto akisikia neno linatajwa kila siku na kitu chake hakionekani, ataliita nini? Wametoa hukumu juu yetu kwa neno moja, na hukumu ni ya haki. Kinachoniuma ni kwamba katika kuihukumu chai yetu wamepoteza na ile ya bibi. Nilipomsimulia jambo lililotokea kweli, lenye mashahidi, hakuwa na pa kuliweka.

Kwa hiyo nilimchukua. Tulipanda basi la Lushoto wiki mbili baada ya mazungumzo yale, tukafika mchana, tukashuka kwa miguu hadi shambani. Bibi alishafariki, wazee wale nao, na mjomba mkubwa ndiye anayelima sasa. Masale yapo. Yamekuwa marefu kunipita, mstari mmoja kutoka barabarani hadi kwenye mfereji, na mpwa wangu alitembea mstari mzima akiyagusa moja moja kama anayehesabu. Upande wa pili, mjukuu wa yule jirani alikuwa akipalilia mahindi. Alituona tumesimama mpakani, akauliza sisi ni wa nani. Nilipomtajia jina la bibi akaweka jembe chini, akatuvusha upande wake, akamwita mkewe. Sauti ya mkewe ikajibu kutoka jikoni kwamba maji ameshayabandika.